Chafya za Khisa

Chafya ya nne ilimkuta Khisa ameinua trei juu ya kichwa, mikono yote miwili ina kazi, na hakuwa na la kufanya ila kusimama pale na kungoja ipite. Haikupita peke yake. Ilikuja ya tano, ikaja ya sita, na maua makavu yakaanza kumwagika ukingoni mwa trei na kumwangukia mabegani. Nje, wanawake waliopanga foleni na vikapu vyao wakisubiri kupimiwa walikuwa wanahesabu kwa sauti. Saba. Nane. Walipofika kumi na moja walipiga makofi, na mmoja akasema kwamba leo amejishinda mwenyewe.

Zamani Khisa alikuwa anacheka nao. Siku hiyo aliiweka trei chini, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na vumbi la maua, akarudi kwenye joto la kaushio bila kumtazama mtu.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, katika shamba moja la pareto juu ya Njoro, mahali ambapo baridi ya asubuhi huingia hadi kwenye meno. Wanawake walichuma vichwa vya maua, na Khisa akavikausha. Ukisema hivyo inaonekana kazi ya mchezo. Lakini ua likitoka mapema lina maji, litaoza ndani ya gunia. Likichelewa kidogo linaungua, na ile dawa ya kuua wadudu iliyo ndani yake inakufa. Khisa alichukua ua moja, akalisugua kwa kidole gumba, akajua. Mzungu mwenye shamba alikuwa ametundika kipimo cha joto ukutani, lakini akiingia alimuuliza Khisa kwanza, kisha ndipo akakitazama kipimo. Kwa mtu aliyetoka Kimilili na begi moja la nguo, jambo hilo halikuwa dogo. Miaka sita alikuwa mkaushaji, na hakuna aliyemwita jina jingine.

Haya mafua yalimwanza miaka miwili nyuma. Mwanzoni alidhani ni baridi. Kisha macho yakaanza kumwasha, halafu masikio kwa ndani, halafu kaakaa, akawa anajikuna kwa ulimi huku watu wakidhani anatafuna kitu. Alijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka karibu azimie. Alivuta maji ya chumvi puani. Mzee mmoja alimshauri tumbaku ya kunusa, naye akaijaribu, na ushauri ule sitauzungumzia zaidi ya kusema kwamba siku hiyo alipiga chafya mpaka akatapika.

Angeyavumilia yote hayo kama si Cheptoo. Cheptoo alikuwa jirani yao kwenye kambi ya wafanyakazi, mwanamke mwema asiye na uchochezi, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliingia. Alimwambia Nanyama, mke wa Khisa, kwamba ndugu yake alianza hivyo hivyo: mafua, macho mekundu, kukosa usingizi. Mwaka haukwisha kabla hajazikwa. Kifua kikuu. Tena alimtangulia mtoto wake mdogo kwa miezi miwili tu.

Nanyama alikuwa amejifungua. Wamalwa, mtoto wao wa kwanza aliyeishi baada ya wawili kufa, alikuwa na wiki sita. Siku iliyofuata kikombe cha Khisa kilikuwa na msumari wake peke yake ukutani, na sahani yake ilioshwa mwisho. Wiki haikuisha kabla hajahamia kwenye kibanda cha jikoni, ubavuni mwa nyumba. Nanyama hakuwa mkatili. Alilia alipokuwa anamhamisha. Baadaye alimshonea godoro jipya la magunia kwa mkono wake, sindano ikimchoma, akamhakikishia kwamba humo ndani hakuna kunguni hata mmoja atakayemsumbua. Lakini mtoto hakumpa tena. Akiwa kule jikoni chafya zilizidi, usiku na alfajiri, na kila chafya ilipopenya ukuta wa udongo Nanyama alimvuta mtoto karibu zaidi.

Wamalwa sasa alikuwa na miezi saba. Alikuwa anakaa. Khisa alimjua kwa macho tu, kwa umbali wa mlango, na jambo hilo lilimla kuliko ugonjwa wenyewe.

Jioni ile ya chafya kumi na moja, Jonah, nyapara wa shamba, alimwita pembeni. Jonah alikuwa Mkipsigis mrefu, mwenye kusema polepole, na hakupenda kazi hii aliyotumwa na mzungu.

"Khisa, kesho usikuje. Panda gari ya moshi mpaka Nakuru, hospitali wakupige picha ya kifua. Kama ni mzima, leta barua. Kama si mzima…" Alitazama buti zake. "Kama si mzima, rudi tu kuchukua mama na mtoto mwende kwenu. Mimi sitaki kuona watu wanakufa kwa hii kambi."

Khisa hakulala. Hakukaa hata kwenye behewa, ingawa nafasi ilikuwapo. Alisimama dirishani kutoka Njoro hadi Nakuru, akihama mguu huu na ule. Hesabu yake ilikuwa fupi. Picha ikiwa mbaya, amepoteza kazi, na mtoto hatamshika maisha yake yote, marefu au mafupi. Picha ikiwa nzuri, amepata vyote viwili.

Alifikia kwa Nicodemus, mtu wa kwao aliyekuwa akifanya kazi ya reli na kuishi chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi wa stesheni. Picha ilipigwa siku hiyo, lakini majibu aliambiwa ayafuate baada ya siku mbili. Siku mbili hizo Khisa alizunguka mji kama mtu aliyepotelewa na kitu. Alitembea mpaka ziwani, akarudi. Alisimama nje ya maduka bila kununua. Alipoketi kula, goti lilitikisika chini ya meza hadi chai ikamwagika, na Nicodemus akamuuliza kama amemkosea mtu. Asubuhi ya pili, Khisa akifunga kamba za viatu, Nicodemus alisema jambo kwa kupita tu.

"Wewe si ulisema unapiga chafya? Mbona mimi sijasikia?"

Khisa aliacha kamba zake. Ni kweli. Tangu jana mchana hakupiga hata moja. Alivuta pumzi kwa pua, na pumzi ikaingia yote.

Majibu aliyapokea kwa dresa mmoja, msaidizi wa daktari aliyeitwa Owino, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Owino aliinua ile picha nyeusi kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mbavu zake mwenyewe.

"Kifua chako kizima kuliko changu," alisema. "Haya niambie, unafanya kazi gani?"

Khisa alimwambia. Owino alicheka kidogo, si kwa dharau, akaketi. Alimweleza kwamba kuna miili isiyopatana na vumbi la maua. Hata wazungu wanaugua hivyo majani yanapochanua, na watoto wao wanaletwa wamevimba macho. Si ugonjwa wa kuambukiza. Hawezi kumpa mtu, hata mtoto. Khisa alimwomba arudie hilo la mwisho, naye akarudia. Kisha akamhesabia vidonge vidogo ndani ya karatasi, kimoja kila jioni, na kumwonya kwamba vitamlaza, kwa hiyo asivimeze akiwa karibu na moto.

"Lakini hivi ni vya kukusaidia tu, ndugu yangu. Dawa yenyewe ni kukaa mbali na pareto. Nimeandika humu ndani: kifua ni kizima, na huyu mtu asifanye kazi na hayo maua tena."

Hapo ndipo furaha ilipomtoka. Barua ileile iliyomrudishia mtoto ilimnyang'anya kazi.

Garimoshi lilipopanda kurudi Njoro alikuwa amesimama tena, barua mkononi. Aliikunja, akaikunjua. Aliwaza kuchana ile sehemu mbaya na kubakiza nzuri. Lakini ilikuwa ya Kiingereza, asichokisoma, na mwandiko wa Owino ulijaza ukurasa kutoka juu hadi kwenye muhuri. Habari njema iliishia wapi? Angeweza kuchana kifua chake kizima na kubakiza ile amri ya kumwondoa kwenye maua. Niseme ukweli, hakuwa mwaminifu siku hiyo. Alishindwa tu kujua pa kuchana.

Jonah aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa ameona watu wakiogopa simba na watu wakiogopa askari, alisema, lakini mwanamume anayeogopa ua, huyu ni wa kwanza. Alipomaliza kucheka alimwambia aende kwenye zizi la ng'ombe, kesho asubuhi. Khisa aliuliza nani atashika kaushio. Jonah alimtajia kijana mmoja aliyekuwa akipasua kuni. Khisa alijua kijana yule ataunguza maua, akafungua mdomo aseme, akaufunga.

Nyumbani alimwekea Nanyama barua mezani na kumweleza yote, neno kwa neno. Nanyama alisikiliza, mtoto mgongoni. Alitaka kuamini, ilionekana usoni. Alisema wangoje siku chache waone.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na moja, chafya zikamwamsha Khisa. Kumi na nne. Asubuhi ya pili kumi na sita, na zilizobaki alizizuia kwa kuuma blanketi. Mchana kwenye zizi alikuwa salama. Harufu ya kwanza kumrudia baada ya miaka miwili ilikuwa ya mavi ya ng'ombe, na aliifurahia kama mjinga. Lakini alfajiri mambo yalikuwa yale yale. Siku ya nne Nanyama alisimama mlangoni pa jikoni na uji.

"Baba Wamalwa, karatasi inasema wewe ni mzima. Sasa mimi nisikie karatasi ama nisikie masikio yangu?"

Khisa aliupokea uji, akauweka chini. Alikuwa ametoa kazi yake na hakupata kitu. Hasira ilimpanda, kwa Owino, kwa Cheptoo, kwa pua yake mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili na hakuna pa kuipeleka, alilikokota lile godoro nje alianike. Alilitupa kwenye majani kwa nguvu. Vumbi likaruka, na kabla halijatua alikuwa amepiga magoti, akipiga chafya hata hakuweza kuvuta pumzi katikati.

Alipotulia aliketi akilitazama. Kisha alitoa kisu, akakata mshono mmoja, akaingiza mkono.

Alilisugua kwa kidole gumba lile alilolitoa. Hakuhitaji. Lilikuwa pareto, vichwa na makapi, takataka zote ambazo wanawake huruhusiwa kukusanya sakafuni pa kaushio siku ya Jumamosi. Kambi nzima iliweka kiganja kimoja cha makapi chini ya mkeka, na kunguni wakafa. Nanyama hakuweka kiganja. Alijaza godoro zima.

Alimsikia nyuma yake. Nanyama alikuwa amesimama na mtoto, akitazama ule mkono uliojaa maua, kisha macho ya mumewe yaliyovimba. Hakuna aliyemweleza. Alielewa pole pole, na uso wake ukaharibika.

"Nilikusanya wiki tatu," alisema. "Nilitaka ulale vizuri."

"Najua, Mama Wamalwa."

"Mimi ndiye nilikuwa nakuua."

"Hukuniua. Nilikuwa napiga chafya tu." Alijaribu kucheka, na ikatoka nyingine.

Nanyama hakumruhusu alishike tena. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akajitwika godoro peke yake mpaka kwenye shimo la takataka ng'ambo ya uzio, akarudi akafua blanketi, akafua shati, akapiga deki kibanda mara mbili. Godoro la pili alilijaza maganda ya mahindi. Usiku ule ule kunguni walirudi na kumla Khisa bila huruma, naye akajikuna kwa furaha.

Hata hivyo mtoto hakumpa siku hiyo, wala kesho yake. Woga wa miezi mingi hauondoki kwa kupiga deki. Kila alfajiri Khisa aliamka na kulala kimya, akijua kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu anasikiliza. Siku ya kwanza zilikuwa sita. Siku ya tatu, mbili. Vidonge viliisha. Wiki ya pili alipiga moja, kwa sababu ya moshi, na akatamani airudishe ndani.

Siku ya kumi na tano alikuwa ameketi nje kwenye gogo, amerudi kukamua, mikono bado ina joto la ng'ombe. Nanyama alitoka nyumbani. Alifungua shuka mgongoni, akamzungusha Wamalwa mbele, akamweka magotini pa mumewe.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyofikiria. Alimtazama huyu mwanamume mwenye ndevu, akatazama mkono uliomshika, na akaangua kilio. Hakumjua. Alijinyonga, akanyoosha vidole kwa mama yake, akalia kwa sauti ya mtu anayeibwa. Khisa aliinamisha uso juu ya kichwa kile kidogo, akavuta pumzi kwa pua. Maziwa yaliyochacha, moshi, mafuta ya kupaka, na chini ya hayo yote harufu moja asiyoijua jina. Aliivuta tena.

Akainua macho akimtazama mkewe, tayari kumrudishia.

Nanyama alikuwa amekwisha kuchukua debe. Alilining'iniza mkononi, akashika njia ya mtoni. Kilio kilimfuata, kikapanda, na mara moja mguu wake ulisita kwenye mteremko. Kisha ukaendelea kushuka, mpaka kikabaki kitambaa cha kichwa tu juu ya majani, na baadaye hata hicho hakikuonekana.