Harufu Aliyosingiziwa Mama

Mkunga hakuwa mtu wa kinyaa. Kutwa nzima wodini ni damu, matapishi na maji ya uzazi, na akirudi nyumbani ananawa, anakaa mezani na kula vizuri tu. Kwa hiyo asubuhi ile alipofungua mlango wa gari lake, akaingia, kisha akashuka mbio akitema mate, mumewe alijua kuna jambo.

Gari lenyewe lilikuwa bado jipya. La umeme, la kwanza pale mtaani. Watoto walilipachika jina la Bubu kwa sababu halingurumi. Unastukia tu liko nyuma yako. Kila jioni mkunga alivuta waya wa chaja kutoka kwenye soketi ya ukutani, na majirani wakapita na utani wao: "Leo bado halijashiba?" Mumewe, mpima ardhi, aligeuka mtu wa asilimia. Anakula huku anachungulia simu, anatangaza limefika sabini, na ole wake atakayewasha pasi kabla halijajaa. Lakini kwa kweli gari liliwafaa. Mkunga aliwahi kazini bila jasho, na siku za kliniki alimpeleka mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Bibi alikaa mbele, mkoba mapajani, akasema amekuwa waziri.

Sasa harufu. Mwanzoni ilikuwa kama kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo. Ukiwasha kiyoyozi, inakupiga usoni. Waliosha mazulia, wakasugua viti, wakatundika vinukio vya maua kwenye kioo. Ikawa mbaya zaidi: maua na uozo kwa pamoja, kitu kitamu kinachonata kooni. Mkunga alianza kuendesha vioo vyote vikiwa wazi, mtandio puani. Nguo zake za kazi zikanuka. Mwenzake wodini alisogeza kiti, akajifanya anatafuta kalamu.

Jumapili moja, wakiwa sebuleni, ndipo shemeji yake aliposema. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, dalali wa nyumba, kijana wa mashati yaliyonyooka na manukato mengi. Kila mara aliliazima gari lile kwenda kujionyesha kwa wateja na kwa wakwe zake watarajiwa.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alisema, akiishusha sauti. "Mama amezeeka. Wazee wakati mwingine, unajua... mkojo unawaponyoka. Na anayekaa kile kiti cha mbele ni nani?"

"Mama yako ni msafi kuliko wewe," mkunga alimjibu.

"Mimi nasema tu. Maskini, si kosa lake."

Mkunga alipuuza. Mumewe, aliyekuwa kando akisikia, hakupuuza. Siku ya kliniki iliyofuata, mkunga alitoka na kukuta kiti cha mbele kimefunikwa plastiki, ile ngumu ya kufunikia godoro la mtoto. Kabla hajaiondoa, mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni mwa gari. Aliitazama plastiki. Akamtazama mwanawe, ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa kwenye simu. Alikaa, plastiki ikalia chini yake njia nzima.

Baada ya hapo alikataa gari. Alisema daktari amemshauri atembee. Mkunga alimwona akiburuta miguu kando ya barabara, akisimama kila baada ya nyumba chache kushika ukuta, na moyo ukamuuma. Tena nyumbani bibi akaanza kuoga asubuhi, mchana na jioni. Kamba ya nguo ilijaa khanga zake.

Mambo yalifumuka kwa sababu ya maji tu. Taa ndogo iliwaka kwenye dashibodi kwamba maji ya kuoshea kioo yamekwisha. Mkunga alichukua jagi akaenda mbele ya gari. Tangu alinunue hakuwahi kufungua boneti. Hakuna oili ya kupima, hakuna injini ya kutazama. Shemeji, aliyekuwa amekuja kuomba gari tena, aliruka kutoka barazani.

"Acha, shemeji! Nipe mimi hilo jagi. Wewe nenda kapumzike."

"Maji tu haya."

"Nipe, nakwambia! Utajichafua!"

Mkunga alimwangalia. Boneti ilikuwa bado imefungwa, lakini kijana alikuwa ameshaziba pua.

Akaifungua.

Magari yale, mahali pa injini pana sanduku kubwa la kuwekea mizigo. Ndani yake mlikuwa na mfuko uliovimba kama puto. Ulikuwa umepasuka upande mmoja, na maji ya kijani yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye tundu la kupitishia hewa. Ndani walikuwa samaki, au kilichobaki cha samaki. Funza walikuwa wengi mno kiasi kwamba mfuko ulionekana kupumua. Mkunga, mwanamke wa wodini, aliinama ukutani akatapika kila kitu.

Alipoinuka, mumewe alikuwa amefika, na shemeji alikuwa anajieleza haraka haraka. Alinunua samaki wa kuwapelekea wakwe. Akawaweka mbele wasinukishe viti. Huko akanogewa na maongezi, akasahau.

"Ukakumbuka lini?" mkunga aliuliza.

"Kesho yake."

"Kesho yake!"

"Nilitaka kuja kuwatoa, shemeji, lakini kadi ya kufungulia gari unayo wewe muda wote. Nikaogopa hutaniazima tena. Kisha wakawa wameoza, nikashindwa hata kuwafikiria."

"Kwa hiyo ukamsingizia mama yako mzazi."

Kijana alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vimeng'arishwa.

Hapo ndipo mkunga alipoona kwamba samaki si kitu. Samaki wataoshwa. Alimtazama yule mtu na manukato yake, akaziba pua. Akamwekea ndoo na sabuni miguuni. Glavu alikuwa nazo ndani ya mkoba; hakumpa.

Mama mkwe alitoka kwa kelele zile. Alimkuta mwanawe mdogo amepiga magoti, mikono imezama, anatapika na kuzoa. Akaelewa.

"Kumbe," alisema taratibu. "Nimekuwa nikizinusa nguo zangu kila siku. Nikawa najiuliza, mbona mimi siisikii?"

Mumewe mkunga alilia pale pale, akaomba radhi. Mdogo mtu alisema tu, "Shemeji, nisamehe."

"Mimi?" mkunga aliuliza. "Mwenyewe huyo hapo."

Kijana hakumgeukia mama yake. Mpaka leo hajamgeukia.

Bubu lilikwenda kwa fundi, likabadilishwa mabomba ya hewa, harufu ikaisha. Bibi anapanda tena, lakini kabla hajakaa anauliza kwa sauti ndogo, "Niko sawa, mwanangu?" Na Jumapili kijana bado anakuja. Mama yake anampakulia mwenyewe, anamchagulia kipande kizuri, naye anakula, anasifia, anaongeza. Mkunga huchukua sahani yake akaenda kula jikoni, akiwa amesimama.