Ngazi za Nkgono Selloane

Tefo alimvunja nyonga Nkgono Selloane, yaani Bibi Selloane, mchana kweupe, majirani wakiona. Alimkaba shingo, akamburuta hadi mlangoni, akamsukuma ngazini, kisha akamfuata chini kumpiga mateke ya mbavu. Alitaka nyumba. Tefo alikuwa mtoto wa marehemu shemeji wa bibi huyo, na Nkgono ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Hospitali ikamtia vyuma, mfupa ukaunga. Tefo akalala mahabusu siku chache, akatoka kwa dhamana, akapanga chumba mtaa wa pili, hapo hapo mjini Botshabelo.

Kliniki kulikuwa na Puseletso, msichana wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akiwapima wazee ujasiri wao wa kutembea.

"Nkgono, kutoka sifuri hadi kumi, una uhakika gani kwamba utashuka ngazi bila kushika kitu?"

"Hizi zako? Kumi. Nitwishe na mzigo kabisa."

"Na za nyumbani?"

"Sifuri."

Puseletso akacheka. "Ngazi ni ngazi, Nkgono."

"Kwa ambaye hajatupwa, mwanangu."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Siku ya pili akaenda naye nyumbani, amwone akishuka palepale. Nkgono akateleka ugali kwanza, maana mgeni haondoki na njaa kwake. Kisha akaja kusimama kizingitini na mkongojo wake. Puseletso alimngoja chini, amemnyooshea mikono. Miguu ya bibi ikagoma.

Ndipo lango lilipopigwa teke. Tefo akaingia na mpini wa sururu, ananuka pombe.

"Umeniletea wakili, mchawi wewe?"

"Kaka, mimi ni wa kliniki," Puseletso alisema. "Tuongee taratibu."

Mpini ukamshukia mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipoanguka, Tefo akamkalia kifuani, akamkandamiza koo kwa mpini uleule. Visigino vya msichana vikawa vinachimba vumbi.

Nkgono akageuka, akaingia ndani.

"Kimbia, kizee," Tefo alimwambia. "Zamu yako inakuja."

Nkgono alitoka amebeba sufuria kwa mikono miwili, mkongojo ameutupa jikoni. Akashuka ngazi zote bila kushika kitu, akammwagia Tefo ugali unaotokota, bado mwepesi kama uji, usoni na shingoni. Tefo akabweka, akabingirika akijichuna ngozi kwa kucha. Nkgono akamtwanga sufuria ya kichwa. Akamtwanga tena. Hata alipotulia kabisa alikuwa bado anatwangwa, mpaka majirani wakamshika bibi mikono.

"Niacheni," alisema kwa sauti ya chini. "Anapumua huyu."

Tefo hakufa. Jicho moja lilipofuka, na mahakama ikampeleka jela. Siku ya hukumu Nkgono aliiona shingo ya Tefo ilivyojikunja kwa makovu, akajifunika blanketi usoni, akalia.

"Nimeiogesha shingo ile," alimwambia Puseletso.

"Angetuua sote, Nkgono. Na ngazi umezishinda."

"Nilishuka kwa hasira, mwanangu. Hasira haimpeleki mtu dukani."

Wakaanza upya, ngazi ya chini kwanza, wameshikana, msichana akiwa na mkono ambao bado haujapona vizuri na bibi na vyuma vyake nyongani. Siku nyingine bibi alitetemeka hadi wakaketi tu wakanywa chai. Baridi ilipoingia, alikuwa akishuka peke yake kwenda kuanika nguo, polepole, akimtukana kuku aliyempita miguuni. Lango analifunga kwa mnyororo hadi leo.