Tupo Hachomwi Sindano

"Nimesema mtoto huyu hachomwi sindano!" Bibi Tekla alikuwa keshasimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni utadhani anaingia ulingoni. "Labda mnichome mie kwanza!"

"Basi twende wote bibi, bajaji ina nafasi!"

"Bright!" Dada akanikemea kutoka kitandani. "Huyo ni mama yangu."

"Mama mkwe wako, dada. Na anayekufa hapo ni mwanao."

Nilijua nimezidisha. Kufa hakutajwi kwenye chumba cha mzazi, na dada Gladness alikuwa bado yumo ndani ya arobaini, kajifungua kwa kisu, hata kuinuka kwenda chooni anashika ukuta. Kichanga hakijaona hata jua la uani. Ndo maana Bibi Tekla alikuja toka Matombo, Morogoro, kumuuguza mkwewe. Na kazi anaijua, nisimseme vibaya. Anamkanda maji ya moto, anampikia supu ya pilipili manga na mtori mpaka na mie nikanenepa mashavu kwa mtori wa mzazi. Mwanae, shemeji Augustine, ni dereva wa lori, yuko njiani na mzigo wa Zambia. Kwahiyo pale Tabata tulibaki sie: dada, bibi, kichanga, Tupo, na mie niliyemaliza fomu foo niko niko tu.

Tupo, binti mkubwa wa dada, ndo mgonjwa. Tupokigwe, jina la mama yetu. Ndo kwanza anaanza kuunganisha maneno.

Homa yake ilianza kama utani. Zahanati wakamtoboa kidole, wakasema malaria hana, wakatupa Panadol ya maji. Nesi akasema homa ikigoma kushuka, au akikataa kunywa, au akishtuka mwili, mrudisheni hapohapo, msingoje. Tukasema sawa. Kufika nyumbani jirani anasema aah, malaria ya siku hizi inajificha, vipimo haviioni. Duka la dawa wakatuuzia mseto wa malaria bila hata kumwangalia mtoto. Kameza, katapika, kamezeshwa tena.

Halafu ile homa ilikuwa inatuchezea aisee. Ukimpa Panadol inashuka, anacheka, anaomba juisi, sie tunapiga makofi. Dawa ikiisha nguvu inarudi juu. Tunampa tena, inashuka, tunamshukuru Mungu. Kila ikishuka tunasema imeisha, kumbe haijaenda popote.

Asubuhi ile akakakamaa. Nilikuwa namshika mie. Macho yakageuka meupe, meno yakaumana, mikono inaruka, povu linatoka. Nikapiga ukunga kama mwanamke wa Kinyakyusa msibani, sioni aibu kusema.

"Degedege," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Kapitiwa na ndege huyu."

Akafunga madirisha. Akamviringisha Tupo kwenye blanketi la manyoya, lile zito. Akatoa mfuko wa rambo aliokuja nao, ndani kuna mavi makavu ya tembo, akayaweka kwenye jiko la mkaa na kuanza kumfukiza. Juu bati, nje jua kali, ndani moshi. Nikatoka nikamwita Azzam wa nyumba ya pili alete bajaji. Kurudi ndani nikamwambia bibi namchukua mtoto, na hapo ndo kilipoumana.

"Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano, anakata," bibi akasema. "Hilo kila mtu anajua. Atafukizwa kwanza, ndege amtoke. Hospitali mtaenda baadaye."

"Baadaye lini?"

"Akitulia."

Nikachuchumaa, nikaanza kulifungua blanketi. Bibi akaja akalifunga. Nikalifungua tena.

"Huoni anatetemeka? Ana baridi!"

"Ana moto, bibi! Mguse! Anaiva humo ndani!"

Nikachovya fulana yangu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ya dada, nikawa nampangusa kwapani na shingoni. Shingo yake ilikuwa ngumu. Najaribu kuiinua kidogo, mwili wote unakuja, kama ubao.

"Unammwagia maji mwenye homa? Unamtafutia nimonia? Daktari gani we, daktari wa divisheni ziro!"

"Divisheni foo, bibi. Usinishushe."

Dada akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia akakosea njia. Halafu akalia kweli. Kichanga nacho kikaamka kikaanza.

"Mpigie mumeo," nikamwambia. "Aseme yeye."

Alikuwa kashampigia mara nyingi, hapatikani. Safari hii ikaita. Akaweka sauti kubwa.

"Baba Tupo, mtoto amekakamaa. Bright anataka kumpeleka hospitali."

Tukasikia lori linaunguruma. "Mama anasemaje?"

"Mama anasema asichomwe sindano."

Akajibu: "Msikilizeni mama. Hayo mambo kayaona. Mie nikifika..."

Ikakata. Dada akapiga tena, hapatikani. Bibi akajiweka vizuri pale mlangoni.

"Shem yuko Mbeya huko, anajua nini?" nikapayuka. "We bibi nawe, hivi unataka nini hasa? Unataka tumzike?"

"Kijana." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "We umesoma. Mie nimezika. Augustine alikuwa na kaka yake, Benson. Alishikwa hivihivi. Nikampeleka kwa miguu mpaka misheni, bado anapumua, nakwambia anapumua mgongoni kwangu nasikia. Wakamchoma hapa pajani. Sijamaliza hata kufunga mbeleko, kaenda. Kwa macho yangu."

Moshi unatuuma macho wote, ukitaka kulia una sababu.

"Pole bibi," nikasema. Na ningeishia hapo. Ila nikauliza, "Kabla ya misheni mlimfukiza?"

"Tulimfukiza, ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipoacha kulia."

"Basi bibi, hiyo sindano ilimkuta anaondoka. Haikumuua sindano. Mlichelewa."

Alinizaba kibao sijawahi kupigwa. Sikio likapiga mluzi. Sikunyanyua mkono, nilibaki nimeshika shavu, na yeye kabaki kashika mkono wake kama umemuuma yeye.

"Nileteeni Tupo," dada akasema.

Nikambeba nikampa. Niwaambie kitu kuhusu Tupo na ziwa. Aliachishwa kunyonya pale mimba ya kichanga ilipoingia, hakuwahi kusamehe. Akikiona kichanga kinanyonya analia nyumba nzima inajaa, anakivuta mguu, anasema "langu! langu!" Dada alikuwa anamgeuzia mgongo ili asione. Bibi alikataza kabisa, kwamba akionja tena maziwa ya mdogo wake ataharisha.

Dada akafungua blauzi mbele yetu, mie nikatazama ukutani. Nikamsikia anasema, "Haya mama, lako hili. Chukua. Chukua lote."

Nikangoja nisikie ule mlio wa kunyonya. Sikuusikia. Nikageuka. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, yanamtiririkia Tupo shavuni, yanaingia shingoni, na yeye mdomo uko wazi, hamezi. Hata macho hakugeuza kuliangalia.

"Mama," dada akamwambia bibi, akiwa bado anamtazama mwanae. "Sogea, utoke mlangoni."

"Gladness, mumeo kasema..."

"Sogea, mama."

Toka aolewe sijawahi kumsikia dada akimwambia mama mkwe sogea. Anampigiaga magoti akimpa maji ya kunawa. Akajaribu kushuka kitandani mwenyewe, miguu ikamkataa, akashika tumbo kwenye kidonda, akakaa chini sakafuni na mtoto mkononi. Nikamwahi. Akanipa Tupo bila blanketi, na nguo moja tu.

"Waambie imeanza lini, waambie shingo," akasema. "Waambie na mseto alimeza. Usifiche hata moshi. Wakitaka kumchoma, wamchome."

Nje Azzam anapiga honi.

Nikaenda mlangoni. Bibi hakuondoka mlangoni, alijibana upande mmoja, kwahiyo nikapita kwa ubavu, uso wangu na wake. Alikuwa analia bila kujifuta. Nilipompita akaushika mguu wa Tupo. Akaung'ang'ania, nikadhani anataka kumvuta arudi, nikajikaza. Tupo hakustuka wala hakulia. Bibi akauachia.

Nyuma kichanga kinalia na dada hajakichukua. Tupo ananichoma bega kama pasi, pumzi zake fupi fupi zinanipiga shingoni. Sikuaga mtu. Nikatoka, nikauvuta mlango, nikaufunga.