Mkwe Hapaswi Kulala Humu

Obare alikuwa na ugonjwa wa kupunguza uzito wa mizigo. Wakifunga mizigo ya baiskeli kule Migori, alikata hata mpini wa mswaki, akaacha blanketi, akaacha na chupa ya pili ya maji. Trizah, mkewe, alimwambia jua la kuelekea Kisegi halina mchezo. Alicheka tu. Bwana huyo akishajua jambo, hashauriki.

Mpango ulikuwa wamsalimie mama yake Trizah huko Kisegi, kisha wakapige hema nje ya ua, maana kwao mkwe halali kwenye boma la mama mkwe. Lakini adhuhuri ya siku ya pili, karibu wafike, Obare aliacha kutoka jasho. Akaropoka maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka na baiskeli. Trizah alimkokota hadi mlangoni kwa mamake, akilia.

"Mama, nisaidie! Jua imempiga."

Mama Awino alileta maji mbio. Alipoona mkwe anaingizwa ndani, akasita.

"Akae kwa kiti."

"Hawezi kukaa, Mama. Lazima alale, nimvue nguo, nimwagie maji."

"Alale kwa nyumba yangu? Hiyo ni chira, Trizah. Laana ya mwiko huo itawamaliza nyinyi na watoto. Mpeleke kwa hiyo hema yenu."

"Hema saa hii ni moto kama jiko! Atakufa!"

Trizah alimchukia mama yake dakika ile, kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu aliona mama bado ameyashika yale maji aliyoleta mbio. Mama hakuwa mkatili. Aliwaogopea wao.

Mama Awino aliingia chumbani, akatoka na godoro lake kichwani.

"Mlaze," alisema bila kumtazama. "Kutoka leo, hii si nyumba yangu. Mimi silali hapa tena, ili chira isiwapate."

Trizah alitaka kumkimbilia, lakini mumewe alikuwa akihema vibaya. Akamvua nguo, akamlaza sakafuni, akammwagia maji na kumpepea kwa leso bila kupumzika.

Jua lilipopoa, Obare alifumbua macho, akanywa maji kidogo kidogo, akatabasamu.

"Mama yuko wapi? Hata sijamsalimia."

Trizah alimnywesha maji tena. Dirishani aliisikia sauti ya mama yake ng'ambo ya ua, ikimuuliza jirani kama jikoni kwake kuna nafasi ya godoro.