Hiki Simwazimi Mtu

Twaiba ni fundi cherehani pale Kona ya Musa, na kwa kuwa wateja wake wote huzitaka nguo zao tangu juzi, watu hushangaa anapata wapi muda wa kusoma. Anaupata kwa kuwaambia nguo haijawa tayari. Mwenye dera lililochelewa Idi iliyopita na ajue leo kwamba lilicheleweshwa na riwaya.

Kila Alhamisi asubuhi hufunga kibanda, akaenda kwenye redio ndogo ya hapo Ukunda, akaketi na mtangazaji, Purity, kuzungumzia vitabu vipya alivyovisoma. Hana shahada ya mambo hayo. Ana ulimi. Riwaya ya muuguzi wa zamu aliisifu mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu mwandishi alikumbuka kwamba anayewahudumia wagonjwa naye hushikwa na njaa. Kijana mmoja aliyetoa hadithi fupi, Twaiba alimwambia hewani kwamba kila hadithi yake huaga kabla wali haujapakuliwa. Halafu akasema amezisoma zote mara mbili, na kijana huyo akijifunza kukaa kidogo tutafaidi sana. Vitabu vingi huvipenda hivyo, kama shangazi anavyowapenda watoto wa ndugu zake, kwa kelele na kwa kuwanyoosha kola. Lakini sifa yake ya juu kabisa ni maneno matatu tu: hiki simwazimi mtu. Huyatoa kwa nadra, na akishayatoa watu hukisaka kitabu hicho mpaka Mombasa.

Basi Alhamisi moja, kipindi kilipokwisha, Purity alimkabidhi kitabu cha wiki inayofuata. Kilikuwa riwaya, *Maji ya Ukumbini*, ya mwandishi mpya. Purity, ambaye kwao ni Kinango na mambo ya pwani hii hayajui yote, alimwambia kwa furaha kwamba mwandishi mwenyewe ni wa Kinondo, huko huko kwao Twaiba. Twaiba akalitazama jina kwenye jalada: Fauzia Luqman. Fauzia huyo ndiye mke wa Swabir, na Swabir alikuwa mume wa Twaiba.

Kisa chenyewe Kinondo nzima inakijua. Swabir alipotaka kuongeza mke, Twaiba hakupiga kelele. Alidai talaka yake, akakaa eda yake, kisha asubuhi moja akaondoka na cherehani yake, bi harusi akaingia baadaye. Tangu siku hiyo hajaikanyaga nyumba ile, wala hajasema na Fauzia neno hata moja.

Mishi, rafiki yake anayeuza viungo kibanda cha pili, aliposikia habari alifurahi utadhani ni yeye aliyeachwa.

"Umeletewa mwenyewe mkononi," alimwambia. "Mkaange, shoga yangu. Mkaange mpaka akauke."

Na Mishi hana kifua cha kuweka jambo. Kabla ya adhuhuri, wanawake walikuwa wakija kibandani si kwa ajili ya nguo, bali kuuliza kitabu amekifikisha wapi. Twaiba akaona amebanwa kotekote. Akikiponda, watasema ni wivu, na wala hawataamini tena lolote asemalo juu ya kitabu chochote. Akikisifu, watasema Fauzia alimchukua mume na sasa amemchukua na ulimi. Kilichomuuma hasa ni kwamba kipindi kile ndicho kitu pekee alichokijenga mwenyewe tangu atoke kwa Swabir, na neno lake la kweli ndilo lililokisimamisha.

Aliomba kitabu kiwe kibaya. Tusimfichie. Alikifungua akiwa na kipande cha chaki ya nguo mkononi, tayari kutia alama kila penye kasoro. Alitia alama ya kwanza, akatia ya pili, kisha ile chaki akaisahau sakafuni na mteja akaja kuikanyaga.

Riwaya ilimhusu bi harusi mchanga anayeingia katika nyumba iliyohamwa na mke wa kwanza. Twaiba alikaa kungojea matusi. Kila sura ilipoanza alijisemea, hapa sasa ndipo atakaponivua nguo. Badala yake, bi harusi aliingia ukumbini akakuta mtungi wa maji ya kunywa umejazwa pomoni, umefunikwa, na kata yake imeoshwa ikainamishwa juu ya kifuniko. Mawifi wakamwambia ayamwage, kwani mke aliyeachwa haachi maji ya heri. Bi harusi akangoja watoke, akachota, akanywa. Na kitabu chote kilichobaki, anaishi katika nyumba ile akijitahidi kuwa mtu anayeyastahili maji yale. Mume akiwa mkali, huenda kuketi karibu na mtungi. Juu ya mwanamke aliyeondoka hakuna neno baya hata moja.

Twaiba alikiweka kitabu juu ya cherehani, akajifunika uso kwa dera la mteja, akalia. Mtungi ule aliujaza yeye. Alfajiri ya kuondoka alibeba madumu kutoka bomba la jirani, safari baada ya safari, na miaka yote hii aliamini hakuna aliyeona. Mwenye dera alipokuja kulichukua, aliambiwa halijawa tayari.

Alhamisi ilipofika, redio za vibanda vyote pale Kona ya Musa zilikuwa wazi, na ya Mishi ndiyo iliyokuwa juu zaidi. Twaiba alizungumza polepole. Alisema mwandishi huyu anaandika kwa sentensi za mtu anayeongea pembeni ya mtoto aliyelala, na ukimsoma nawe unashusha sauti. Alimsifu kwa kutomfanya mume kuwa shetani, ingawa angetaka, angepata wa kumsaidia. Alisema mawifi wa kitabu kile amewahi kukutana nao. Purity akacheka peke yake, hajui anachekea nini. Kisha Twaiba akavuta pumzi.

"Kosa analo moja," akasema. "Anadhani yule mwanamke aliyajaza maji kwa wema. Hapana. Aliyajaza kwa hasira, asije mtu akasema ameiacha nyumba kavu. Hakumfikiria bi harusi hata kidogo. Ninajua, kwa sababu mtungi ule niliujaza mimi."

Ilipofika zamu ya wasikilizaji Purity akafungua simu, na sauti ya kwanza kuingia ilikuwa ya kike, nyembamba, yenye adabu.

"Shikamoo, dada Twaiba. Ni Fauzia."

"Marahaba."

"Ninashukuru kwa kunisahihisha. Hiyo hasira sikuijua. Mimi nilikuwa mgeni, nilikuwa na kiu, nikakuta maji. Yalikuwa baridi."

Twaiba alitamani, na aliona wazi kwamba anatamani, iwe kweli aliyajaza kwa ajili ya msichana yule. Simu ikakatika kwa salamu za heri. Purity, kwa kutojua afanye nini, akauliza kile anachouliza kila wiki: kitabu hiki je, wasikilizaji wakifanyeje?

"Hiki simwazimi mtu," Twaiba akasema.

Aliporudi kibandani alimkuta Mishi amekaa kwenye benchi la wateja, kanuna. Mishi alimwambia amewatia watu aibu, wote walikuja kutazama moto wakaonyeshwa maji. Twaiba akavuta kitambaa akaanza kukata. Baada ya kitambo Mishi akalegeza uso, akanyoosha mkono, akakiomba kile kitabu hata kwa siku moja tu, auone huo mtungi.

Twaiba akakitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, akafunga kwa ufunguo.

"Kanunue," akamwambia. "Mwenzangu amekitolea jasho."