Presha Zote Ziandikwe kwa Baa

Saa mbili kasorobo asubuhi, karani wa vipimo alikuwa ameshanoa penseli tatu na kupangusa vumbi kwenye jedwali lake la ukutani. Jedwali hilo alilichora mwenyewe kwa rula, kwa sababu mashine za kiwanda kile cha kufua mashuka zilinunuliwa kila moja kwa wakati wake na kwa mtu wake, na hazikupima presha kwa lugha moja. Boila ilisoma kwa baa. Mashine za kupigia pasi zilisoma kwa pauni, pampu ya maji kwa kilopaskali, na kikaushio cha zamani kule pembeni kilikuwa na geji iliyofutika namba zote, kwa hiyo hicho kilisomwa kwa kutegewa sikio. Kazi ya karani ilikuwa kuzigeuza namba hizo zielewane.

Wapiga pasi, wanawake ishirini na tano, walimwita Zidisha. Hakuwa na ubaya na mtu, ila ukimuuliza umri wake alikuwa na uwezo wa kukujibu mpaka nukta ya pili. Walimtania sana kuhusu zile baa. "Zidisha jana kamaliza baa sita," wangesema, "na leo kaja kazini anatembea wima." Yeye alishawaeleza mara nyingi kwamba baa ni kipimo cha presha wala si mahali pa kunywea, na maelezo hayo ndiyo waliyokuwa wakiyangoja.

Mmoja wa hao ishirini na tano, mashine namba saba, alikuwa dada yake. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha mpaka hesabu zikamkaa kichwani. Yeye peke yake hakumwita Zidisha.

Jumatatu ile ofisi kuu ilileta waraka wa mstari mmoja: "Kuanzia mwezi huu, presha zote ziandikwe kwa baa." Aliyeuandika alikuwa anawaza mashine. Lakini tarishi aliyetumwa kukusanya madaftari alichukua kila lililoandikwa PRESHA juu ya jalada, na nesi wa zahanati ya kiwanda naye alikuwa na daftari lake, lenye neno hilo hilo kwa herufi kubwa.

Nesi alilifuata kwa karani Jumanne saa nne, amekunja uso.

"Hilo langu ni la watu, mwanangu."

"Waraka unasema zote, sista."

"Haya. Geuza, nikuone." Akavuta kiti.

Karani akageuza. Milimita za zebaki ukizigawa kwa mia saba na hamsini unapata baa. Mia na themanini ikawa 0.24. Mia na hamsini ikawa 0.20. Dada yake, mia mbili na kumi, wa juu kuliko wote, akawa 0.28. Nesi alikuwa ameizungushia namba hiyo kalamu nyekundu mara tatu.

"Huyo hatakiwi hata kusimama," nesi alisema. "Juzi kaniambia anaona mashuka mawili mawili. Siku moja ataanguka pale mbele ya mashine, na hatainuka. Mimi namwandikia wiki mbili alale."

Mtu mwingine angeweka penseli chini, lakini karani akishikwa na hofu hupiga hesabu, basi akaendelea. Fomu mpya iliyokuja na waraka ilikuwa na mstari wa jumla chini kabisa, na hajawahi kuacha mstari wazi maishani mwake. Akawajumlisha wote ishirini na tano. Ikaja 6.00.

Safu ya jirani ilikuwa ya boila. Nayo ilisema 6.00, leo, jana, na siku kumi na tisa nyuma, bila kupanda wala kushuka. Wanaojua fizikia watasema presha hazijumlishwi hivyo. Ni kweli, hazijumlishwi. Pale zilijumlishwa.

Karani na nesi wakaenda kwa fundi boila, wakamkuta kwenye benchi lake anamenya chungwa. Alipoulizwa mbona namba haibadiliki, alifungua tu mlango wa tanuri. Ndani mlikuwa na masizi baridi na paka aliyezaa, na watoto wanne wananyonya.

"Moto ulizimika siku nyingi," fundi alisema. "Bomba la mafuta limeziba. Nikaandika barua. Nikangoja mshale wa geji ushuke niwe na ushahidi, mshale haushuki. Nikajiambia, kitu kinachofanya kazi bila kunisumbua, mimi nani nikisumbue?"

Kengele ya chai ikalia. Wapiga pasi walikaa kwenye mabenchi yao, mmoja akaanza kumwigiza mume wake anavyotafuta soksi alizozivaa, na kicheko kikasikika mpaka chumba cha boila. Mshale ukashuka hadi tano na nusu. Kisha msimamizi akatokea mlangoni na ubao wake wa kuhesabia mashuka, na kabla hajafungua mdomo mshale ulikuwa umesharudi kwenye sita.

"Basi ni wao," fundi alisema, akatia kipande cha chungwa mdomoni.

Walipoambiwa, wapiga pasi hawakushtuka. Mmoja alisema ndiyo maana akifika nyumbani masikio yake hupiga filimbi. Mwingine akauliza kama sasa nao watapakwa grisi kila Jumamosi, kwa sababu mashine zinapakwa. Dada yake karani aliuliza jambo moja tu.

"Yangu ngapi?"

"Nukta ishirini na nane."

"Kumbe kidogo."

"Dada, ni ile ile mia mbili na kumi."

"Najua, mdogo wangu. Lakini hii inasikika vizuri."

Mchana karani alimpelekea meneja fomu pamoja na karatasi ya nesi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi na alikuwa mwepesi wa kupongeza. Alipitisha kidole kwenye safu mpaka chini, ambako fomu ilikuwa imechapwa: Kiwango cha hatari, 7.

"Nukta ishirini na nane," alisema. "Hatari inaanzia saba. Huyu ana nafasi ya kupanda mara ishirini na tano."

"Saba ni hatari ya chuma, mkubwa. Ya mtu ni nyingine. Halafu boila haina moto. Mvuke unatoka kwa wapiga pasi."

"Barua ya fundi niliisoma. Nikaenda kutazama geji, nikaikuta nzuri." Akafikiri kidogo, akatia sahihi. "Apumzike. Ila mshale ukishuka, arudi."

Jumatano dada alibaki nyumbani. Saa mbili mshale ulikuwa 5.72, na mashuka yalitoka na mikunjo kama yamelaliwa. Karani alisimama mbele ya geji akiuomba usishuke zaidi. Haukushuka. Ulianza kupanda polepole, na ilipofika saa tano ulikuwa kwenye sita kamili. Meneja alikuja kumpa mkono. "Unaona? Kumbe inawezekana," alisema.

Karani akamwomba nesi awapime waliobaki. Wote ishirini na wanne walikuwa wamepanda, karibu tisa kila mtu. Mpiga pasi wa namba kumi na mbili, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa mia na hamsini jana, leo mia na hamsini na tisa. Wino mwekundu wa nesi uliisha kabla ya kufika mwisho wa orodha.

Jioni karani alimkuta dada yake kaweka miguu juu ya kigoda, anakata kucha. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Mchana nesi alimpitia akampima, akapata mia na sitini, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alikuwa amekula akamaliza. Karani alifurahi mpaka akaogopa kuonyesha. Njiani alikuwa ameshaamua hatasema kitu. Lakini huwezi kumficha jambo mtu aliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

"Mshale ulishuka?" dada aliuliza.

"Ulishuka. Ukarudi."

"Ukarudi kwa nani?"

Karani akajishughulisha na sahani.

"Mdogo wangu, nakuuliza."

"Kwa wote. Tisa tisa."

"Na yule mwenye mimba?"

"Naye tisa."

Dada aliweka mkasi chini. "Viatu vyangu vya kazi umeviona wapi?"

"Dada, mimi sina mwingine ila wewe. Nakuomba ulale hizi wiki mbili."

"Najua huna," alisema kwa upole. "Viko chini ya kitanda. Nivutie."

Alhamisi alisimama mbele ya namba saba kabla ya kengele. Kufikia saa tatu mshale ulikuwa umetulia, na kila mmoja wa wenzake alikuwa ameshuka tisa. Yule wa namba kumi na mbili alijikuta anaimba wala hakujua kwa nini. Dada aliona mashuka mawili mawili, akayapiga pasi yote. Karani alijaza fomu: 0.28. Kwenye nafasi ya hali ya kifaa palikuwa na maneno mawili ya kuchagua, Salama na Hatari, na kwa vile namba haikufika saba, aliweka alama kwenye Salama. Alama ilitoka imepinda.

Kisha akapanda juu ya kiti na kuongeza mstari kwenye jedwali la ukutani, kwa penseli: Dada mmoja = baa 0.28 = kilopaskali 28 = pauni 4.06. Alitaka kila atakayekuja kutafuta namba pale alazimike kumtazama mtu kwanza. Ndilo jambo pekee aliloweza kulifikiria.

Meneja aliingia saa kumi, akausoma mstari huo mara mbili.

"Hiki kitatufaa," alisema. "Jengo jipya linafunguliwa mwezi ujao, nalo linataka baa sita. Ni dada ngapi hizo?"

Karani hakutaka kujibu, lakini hesabu ilikuwa imeshafika mwisho kichwani.

"Ishirini na mmoja na kidogo."

"Tangaza nafasi ishirini na moja. Hicho kidogo watagawana."

Alipofika mlangoni akageuka, akaonyesha ukutani kwa kidole.

"Halafu hapo umekosea. Mtu ndiye anakuwa mmoja. Kipimo ni moja. Futa hiyo m."

Karani alipanda tena juu ya kiti na kifutio chake. Penseli ilikuwa laini, na herufi ikatoka kwa mkupuo mmoja.