Chungu cha Jumapili

Kila Jumapili baada ya chai, Nakhumicha alitangaza kwamba anarudi kwake Kimilili. Hakusema kwa haraka. Alimaliza mandazi yake, akapangusa mdomo, akatazama dirisha la sebule utadhani basi limeegeshwa hapo nje, ghorofa ya tatu, likimngoja yeye tu. Kisha akasema, "Wiki ijayo mimi naenda. Nimekaa ya kutosha."

Mwanawe, Wamalwa, alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Aliyejibu siku zote alikuwa Waithira, mke wa Wamalwa, na jibu lilikuwa lile lile: "Mama, daktari hajakuachilia."

Na kweli hakuwa amemwachilia. Mwanzoni mwa mwaka Nakhumicha alianguka shambani kwake akipalilia maharagwe, presha imepanda, akalala kwenye matuta mpaka jirani alipopita jioni akitafuta ng'ombe. Wamalwa alimleta kwake, na daktari wa Thika akasema ameze dawa kila siku bila kuruka, arudi kliniki kila mwezi, na asikae peke yake mpaka presha itulie. Huko Kimilili angekaa peke yake, na kila aliyemfahamu alijua kwamba akishika jembe husahau hata kula, sembuse kidonge. Waithira alishamzika mama yake mzazi kwa maradhi hayo hayo. Hakutaka kuona jambo hilo mara ya pili, ndiyo maana alimng'ang'ania mama mkwe wake kuliko hata mwenye mama.

Lakini kumng'ang'ania mtu ni kitu kimoja na kuishi naye ni kingine, hasa mkigombania maua.

Waithira alikuwa na vyungu sita sebuleni. Kulikuwa na money plant iliyopanda mpaka kwenye ufito wa pazia, snake plant kando ya televisheni, aloe, ua la majani mapana ambalo hulala chini likiona kiu, jingine la majani membamba yenye mistari, na kipenzi chake kuliko yote, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, aliloliita violeti. Alijifunza kuyatunza kwa kuua mengine mengi. Kwa hiyo alikuwa na kanuni zake, na hakuwa na mzaha nazo. Kwanza unachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka na unyevu, unaondoka zako. Kikitoka kikavu, unamwaga maji polepole mpaka yatokee chini, kisha unamwaga yale yaliyobaki kwenye kisahani. Violeti hakumwagiwa juu kabisa, kwa sababu majani yake yakilowa hupata madoa. Yeye alikalishwa kwenye beseni lenye maji kidogo, anywe kwa chini mpaka atosheke.

Siku ya kwanza Nakhumicha kuona violeti ndani ya beseni, aliweka mikono kiunoni.

"Mama Maxine," alisema, kwa maana alimwita Waithira kwa jina la mjukuu wake, "huyu ni ua ama ni mtoto mchanga anaogeshwa?"

"Anakunywa, Mama. Anapenda kunywa na chini."

"Na mvua ya kwenu Ukikuyuni hunyesha kutoka chini?"

Wamalwa alicheka mpaka chai ikampalia. Waithira alicheka pia, lakini si sana.

Nakhumicha hakuwa mtu wa kuambiwa habari za mimea. Jina lake lenyewe ni la mtoto aliyezaliwa msimu wa kupanda, na tangu ajue kutembea alikuwa kwenye udongo. Kwake mmea ulikuwa kama miche ya sukuma wiki kitaluni: alfajiri unaumwagilia, kesho alfajiri unaumwagilia tena. Isitoshe, maji ya bomba pale kwenye fleti yao karibu na Kamakis huja siku mbili tatu kwa wiki, na yeye aliona ni upuuzi mfereji uwe unatiririka na kitu chochote chenye mizizi kikose kupewa. Basi Waithira akishaenda zake dukani Ruiru, ambako aliuza vitambaa, na Wamalwa akishaenda kiwandani Thika, Nakhumicha alichukua kikombe chake cha bati alichokuja nacho kutoka nyumbani, akajaza maji, akazunguka sebule nzima. Kila mtu alipewa. Violeti naye alipewa, tena kichwani.

Waithira aligundua kwa vijidudu. Vilikuwa vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya mchicha, na vilipenda sana chai yake ya jioni. Udongo wenye maji kupita kiasi ndio huvizaa. Baada ya wiki moja majani ya money plant yakawa manjano, na alipoinua violeti akasikia harufu ya mizizi inayooza. Hapo akakasirika kabisa.

"Mama, nani anamwagilia haya maua?"

"Mimi. Kwani mwizi ataingia kumwagilia maua?"

"Si nilikuomba?"

"Uliniomba nisimwagilie sana. Sijamwagilia sana. Kikombe kimoja kimoja."

"Kila siku!"

"Wewe unakunywa maji mara ngapi kwa wiki?"

"Mama, tafadhali." Waithira alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Tafadhali usiguse tena maua yangu."

Nakhumicha alimtazama, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda chumbani. Jumapili iliyofuata hakusema ataenda wiki ijayo. Alisema ataenda Jumatano.

Wamalwa ndiye aliyeokoa jahazi, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa fundi wa pampu kiwandani, na hakuna ugomvi ambao kwake haukuhitaji bomba. Jumamosi alirudi na chupa za plastiki na fulana kuukuu ya pamba. Alikata fulana vipande virefu, akavisokota kuwa tambi, sawa na zile za stovu ya mafuta ya taa. Ncha moja ya utambi aliipitisha kwenye tundu la chini la chungu mpaka ndani ya udongo, ncha nyingine akaitumbukiza kwenye chupa ya maji. Udongo ukikauka unavuta, ukitosheka unaacha.

"Imeisha hiyo," alisema akijipangusa mikono. "Mum hamwagilii, wewe humwagilii. Ua linajihudumia. Si mnaona? Hakuna stress."

"Na mimi nitafanya nini?" Nakhumicha akauliza.

"Wewe upumzike, Mum. Umefanya kazi miaka mingi sana."

Kusema kweli ilifanya kazi. Vijidudu vikaisha. Money plant ikatoa jani jipya, likijikunjua kijani kibichi. Violeti, ambaye Waithira alishakata mizizi yake iliyooza na kumpanda upya bila matumaini mengi, akasimama. Kujaza chupa ilikuwa kazi ya Jumamosi moja moja tu. Waithira aliwaambia wenzake dukani kwamba hatimaye amepata njia bora kuliko zote za kumwagilia maua, na akawaonyesha picha. Nakhumicha naye hakutaja tena Jumatano. Alikaa kwenye kochi, televisheni ikiongea peke yake, na Waithira akafikiri amani imerudi nyumbani.

Mwezi ulipoisha walikwenda kliniki Thika. Muuguzi alimfunga Nakhumicha kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakipuliza, akatazama, akakifungua. Akamfunga mkono wa pili. Kisha akamwita daktari.

"Mama, unameza dawa?" daktari aliuliza.

"Nameza."

Daktari akamgeukia Waithira. "Iko juu kuliko siku aliyoletwa. Tukiendelea hivi hatutaongea mambo ya kuanguka tena, tutaongea stroke."

Walipofika nyumbani Waithira alikwenda moja kwa moja dirishani, mahali Nakhumicha alipoweka kopo lake la dawa, katikati ya violeti na aloe. Hakuwahi kulifungua. Mtu mzima hahesabiwi vidonge. Sasa alilitikisa, na lilikuwa zito.

"Haiya, Mama. Hizi dawa zimejaa."

Nakhumicha alikaa kwenye kochi bila kuvua leso ya kichwani. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu anayejiuliza swali la daktari kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa nameza nikimaliza kumwagilia," alisema. "Ninapea hawa wote, halafu maji inabaki kidogo kwa kikombe, hiyo ndiyo ya dawa. Sasa siku hizi sina kitu ya kumaliza. Naamka, nakaa. Nashtukia nyinyi mmerudi."

"Lakini uliambia daktari unameza."

"Nilidhani nameza."

Waithira alitazama vyungu vyake sita, vyote vimenawiri, kila kimoja kimekaa juu ya chupa yake. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Akashika utambi wa violeti akauvuta kwa nguvu mpaka udongo ukamwagika kwenye zulia. Akavuta wa money plant. Akavuta yote, na chupa moja ikaanguka ikaloanisha soksi zake.

"Mama Maxine! Utaua maua!"

"Yafe!" Waithira alikuwa akilia sasa. "Nilikuwa naogopea maua, kumbe nilikuwa nakuua wewe. Mama yangu alienda hivi hivi, tukimwambia apumzike. Sitaki uende, Mama. Si daktari anayekataa. Ni mimi."

Nakhumicha hakuwa na desturi ya kumkumbatia mtu mchana. Aliinuka, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa zulia. Alipangusa muda mrefu kuliko maji yaliyomwagika yalivyohitaji.

"Sasa," akasema akiwa bado chini, "watakunywa namna gani?"

Hapo ndipo walipokaa wakaanza upya, wawili, na Wamalwa aliporudi kutoka kazini akakuta mtambo wake kwenye pipa la taka. Waithira alitaka maua yamwagiliwe mara moja kwa wiki. Nakhumicha alitaka kumwagilia kila asubuhi. Walibishana mpaka ikawa dhahiri kwamba hakuna anayemzuia mwenzake: vyungu ni sita, kila kimoja kipewe siku yake. Money plant ikawa Jumatatu. Ua la majani mapana likawa Jumanne. Violeti akawa Alhamisi, na juu yake Waithira hakulegeza kamba: beseni.

"Na kidole kwanza, Mama. Ukikuta unyevu, usimpe."

"Na kidonge?"

"Kidonge unameza hata kama yeye hanywi."

Nakhumicha alilikubali hilo kwa namna yake. Kuanzia hapo maua yakawa watu. "Jumanne alikuwa amelala kabisa leo," angesema jioni, "nimempa, akaamka kabla ya chakula." Aloe, ambaye ndiye Jumamosi, alirukwa mara nyingi: "Huyu ameshiba tangu juzi. Nimekunywa peke yangu." Alhamisi alimkalisha violeti kwenye beseni, na Waithira akiwa anafunga viatu mlangoni alimsikia akimwambia, "Haya, kunywa mvua yako ya chini." Kopo la dawa likaanza kupungua. Waithira alilitikisa kila jioni bila kujificha, na hakuna aliyemwambia aache.

Ila Jumapili. Jumapili haikuwa na chungu. Nakhumicha aliamka, akazunguka sebule na kikombe chake, akakuta hakuna zamu ya mtu, akaketi. Waithira alirudi kutoka kanisani na Maxine, akakuta kikombe kimejaa maji mezani na kidonge cha siku hakijaguswa. Alimpa, akameza. Kisha baada ya chai Nakhumicha akapangusa mdomo na kutazama dirisha.

"Wiki ijayo mimi naenda. Nimekaa ya kutosha."

Safari hii Waithira hakumjibu habari za daktari. Alichukua mkoba wake na kutoka. Aliteremka mpaka barabarani Kamakis, akapita mabanda ya nyama choma yaliyofurika watu wa Jumapili, moshi ukimfuata, mpaka kwa wauza miche wa kando ya njia. Alichagua bila kubembeleza bei. Hakuchukua ua la kupendeza. Alichukua mche wa mnavu kwenye chungu cha udongo, mboga ile ile ambayo Nakhumicha alikuwa akiilalamikia kwamba watu wa huku hawajui kuipika. Muuzaji alimtazama mara mbili, maana si mboga ya kuwekwa sebuleni.

Alipofika nyumbani alikiweka chungu dirishani, kando ya violeti.

Nakhumicha alikitazama kwa muda. "Hii ni ya nini?"

"Ya Jumapili."

Wamalwa aliacha simu. Nakhumicha aliinuka taratibu, akamsogelea mgeni, akainua jani moja akalinusa. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo, mpaka kiungo cha pili kama alivyofundishwa, akakitoa, akamwonyesha Waithira. Kilikuwa kikavu.

"Mmemleta mtu na kiu," alisema, na akaenda kuchukua kikombe.